Wahindi wa Nairobi na Mambo ya Kizungu: Funzo kwa Watu wa Garissa

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Garissa



Katika mikutano ya mwaka huu neno moja limerudi mbele yetu mara kwa mara. Wako wanachama waliotaka fedha za chama zisaidie karo za watoto wetu, wasichana kwa wavulana, waendao kusoma mbali. Na wako wazee waliouliza, kwa haki kabisa, kama mtoto tumpelekaye huko atarudi kuwa mtoto wetu, au atarudi mgeni mwenye sura ya kwetu. Halmashauri ilituagiza tutafute mfano wa watu waliopita njia hiyo kabla yetu, tuuweke mbele ya mkutano ili wanachama wapime.

Tumeuchagua mfano wa Wahindi wa Nairobi wakati wa ukoloni. Walikuwa watu wenye dini zao, lugha zao na taratibu zao za ndoa, wakaishi katika mji uliopangwa na Mzungu kwa faida ya Mzungu. Walichukua mengi ya Kizungu, na mengi waliyaacha. Tena watu wa kaskazini waliingia katika habari hiyo kwa mlango ambao wengi wetu hatuukumbuki, nasi tutaufikia kwa utaratibu.

Kwanza tukumbuke jinsi walivyofika. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab. Wapatao 2,500 walikufa kazini, wengi wa waliosalia walirejea kwao, na kiasi cha 6,700 wakabaki. Pamoja nao walikuja wafanyabiashara wa Gujarati na Kutch, ambao jamaa zao walikuwa na maduka Unguja na Mombasa tangu zamani, na makarani wa Goa. Kwa hiyo tusemapo Wahindi twasema watu wa namna nyingi: Mabaniani, Masingasinga, Waislamu wa Punjab, Waismailia, Mabohora, na Wagoa walio Wakristo. Kila jamii ilikuwa na mlango wake wa kupokea mambo ya Kizungu.

Wala tusidhani kuwa mambo hayo yaliwangojea Nairobi. Wengine walikuja nayo. Goa ilitawaliwa na Wareno tangu mwaka 1510 hata 1961, na karani wa Goa alishuka melini akiwa na jina la Kireno, suruali, na muziki wa kanisani. Na serikali ya Waingereza yenyewe ilipofika nchi hii ilikuwa imekwisha kupita Bombay. Rupia ya Bara Hindi ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi hata mwaka 1920, na sheria ya jinai ya Bara Hindi ilitumika katika mahakama zetu hadi mwaka 1930. Mambo mengi tuyaitayo ya Kizungu yalifika mikononi mwetu yakiwa yametoka mikononi mwa Mhindi: risiti, mizani, daftari la deni, cherehani, na hata neno lenyewe la bima.

Mlango wa kwanza ulikuwa kazi. Mhindi aliyefanya kazi reli au ofisini alifuata saa ya Mzungu, akajifunza kuandika barua kwa mtindo wake na kuweka hesabu itakayokaguliwa. Mfano ulio mashuhuri ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, Bohora, aliyekuwa mkandarasi wa reli na wa serikali. Alianzisha gazeti la Kiingereza huko Mombasa, African Standard, ambalo baadaye aliliuza, na ambalo ndilo asili ya gazeti la The Standard la leo. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Muda mfupi baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Hapo twaona mtu aliyejua chombo cha Mzungu ni kipi: gazeti, kandarasi, baraza. Twaona pia kwamba alitaka Mzungu amwone kuwa raia mwema wa Malkia.

Mlango wa pili ulikuwa shule, nao ndio utuhusuo zaidi. Mwaka 1906 ilianzishwa Nairobi shule ya watoto wa Kihindi wa reli. Ilikua, ikapewa jina la Duke of Gloucester, na baada ya uhuru ikaitwa Jamhuri. Lakini Wahindi hawakuiachia serikali peke yake. Arya Samaj, chama cha dini cha Mabaniani kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1903, kilijenga shule za wasichana ambamo hesabu na Kiingereza vilifundishwa pamoja na lugha yao na dini yao. Masingasinga na Waislamu walifanya vivyo hivyo. Madawati yalikuwa ya Kizungu, na mitihani ilikuwa ya Kizungu. Lakini aliyeshika ufunguo wa mlango wa shule alikuwa mzee wa jamii. Tunaomba wazee walishike neno hilo, kwani tutalirudia.

Waismailia walikwenda mbali zaidi, nao walikwenda kwa amri ya kiongozi wao wa dini. Mwaka 1952, katika mkutano wa viongozi wa jumuiya uliofanyika Evian, Ufaransa, Aga Khan wa Tatu aliwashauri Waismailia wa Afrika kwamba wanawake wao wavae mavazi mepesi ya namna ya Kizungu badala ya mavazi ya Bara Hindi, na kwamba watoto wasomeshwe kwa Kiingereza. Hakusema waache sala. Alisema kwamba wao ni watu wa Afrika sasa, na kwamba lugha na vazi visiwafunge kwa nchi waliyokwisha kuiacha. Basi katika muda wa miaka michache gauni ilionekana jamatkhana, na Kigujarati kikaondoka darasani. Sala ilibaki. Lakini haki yatutaka tueleze na hasara yake: watoto wengi waliofuata walikua hawawezi kusoma barua ya babu yao. Kila kilichochukuliwa kilikuwa na bei yake, na bei hiyo haikulipwa na aliyeamua peke yake.

Mlango wa tatu ulikuwa chama. Wanachama wenzetu, kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, chenye jina la Katibu, hesabu za Mhazini na kumbukumbu za mkutano, ni desturi tuliyoipokea pia. Waismailia walipewa katiba ya maandishi ya kuongozea mabaraza yao huko Unguja mwaka 1905. Mwaka huo huo Wagoa walianzisha Goan Institute mjini Nairobi. Waismailia walipomheshimu Aga Khan kwa kumpima kwa dhahabu Nairobi mwaka 1937, na kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, heshima ile iliambatana na kazi: mwaka 1937 ilianzishwa kampuni ya bima ya Jubilee huko Mombasa, na mwaka 1946 mfuko wa kukopesha vyama vya ushirika, ambao kwa msaada wake familia nyingi zilipata nyumba. Wazee wetu watasema, na ni kweli, kwamba riba haitufai. Lakini tusichanganye riba na daftari. Akina mama wa Garissa wana ayuuto yao, ambayo haina riba. Ikiwekewa daftari na wakaguzi haitapungukiwa na kitu ila magomvi.

Katika vyama hivyo ndimo ilimoingia michezo. Kriketi na magongo ni michezo ya Waingereza, lakini Wahindi waliicheza hata wakaichukua. Timu ya magongo ya Kenya iliyokwenda Olimpiki mwaka 1956, 1960 na 1964 ilikuwa karibu yote ya Wahindi wa Kenya. Mwaka 1964 ilikuwa ya sita duniani, na mwaka 1971 ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia huko Barcelona. Seraphino Antao, Mgoa wa Mombasa, alishinda medali mbili za dhahabu za mbio katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, na jina lake likajulikana hata vijijini ambako gari lenyewe lilikuwa nadra.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Sebuleni palikuwa na makochi, redio na picha ya Mfalme. Jikoni palikuwa na dengu na bizari. Mwana wa karani alivaa tai ofisini, na jioni alikula kwa mkono pamoja na babu yake. Ndoa ilipangwa na wazee, mazishi yalikuwa ya dini, na lugha ya mama ndiyo iliyosikika usiku. Tena kile walichokishika jikoni kilitufikia sisi: chai ya maziwa na viungo, chapati, sambusa na bajia. Hapana nyumba Garissa iufungulayo mfungo wa Ramadhani bila sambusa, wala hapana mtu aonaye kuwa amekuwa Mhindi kwa kuila.

Basi, Bwana Mwenyekiti, hayo ni mema, au ni mambo yenye bei inayoweza kulipwa. Sasa tufikie lililokuwa sumu.

Pamoja na shule na saa, Mzungu alileta ngazi. Mji wa Nairobi ulipangwa kwa rangi: Mzungu mlimani penye hewa, Mhindi bazaar, Ngara, Pangani na Eastleigh, Mwafrika mashariki penye nyumba za kazi. Tauni ilipoingia bazaar mwaka 1902, daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, ndiye aliyeitambua, na serikali ikauchoma moto mtaa wote. Mwaka 1913 Profesa Simpson alishauri kwamba rangi zitengwe kwa ajili ya afya, kana kwamba ugonjwa huuliza kabila la mtu. Kukawa na shule tatu, hospitali tatu, vyoo vitatu na mishahara ya namna tatu. Mhindi alikuwa katikati, na ubaya wa kuwekwa katikati ni kwamba humfundisha mtu kutazama juu kwa tamaa na chini kwa dharau. Wengine walikataa funzo hilo, wengi walilipokea. Hata ndani ya jamii moja ngazi ilipandwa: miongoni mwa Wagoa, makarani walikuwa na klabu yao, na mafundi cherehani wakawa na chama chao mbali, ingawa waliomba katika kanisa moja.

Na hapa ndipo watu wa kaskazini waliingia. Mwaka 1919 ilitungwa sheria iliyowatoa baadhi ya Wasomali katika hesabu ya wenyeji kwa baadhi ya mambo. Mwaka 1936 ikaja sheria ya kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji, iliyopanga watu kwa ngazi: Mzungu alipe shilingi 40, Mhindi shilingi 30, Mwarabu na Msomali shilingi 20. Wasomali wa Isaaq, waliokuwa Nairobi, Isiolo na miji mingine, walikataa. Hawakukataa kwa kuwa kodi ni kubwa, bali kwa kuwa ni ndogo. Walitaka walipe shilingi 30 kama Wahindi, na wakaandika malalamiko yao hata London.

Tusiwacheke. Walijua kwamba shilingi 10 zile zilikuwa bei ya kitanda hospitalini, ya kiti katika gari la moshi, na ya ruhusa ya kutembea na mifugo. Ngazi ilikuwa ya kweli, na mtu mwenye watoto hutafuta kuipanda. Lakini tutazame jinsi werevu ule ulivyotumika: watu hodari, wenye fedha na mawakili, walitumia miaka kuomba waandikwe katika daraja la pili la Mzungu, na wala hawakulipata. Daraja la pili lenyewe halikudumu.

Ndugu zao wa Garissa, Wajir na Mandera hawakuwa hata katika mabishano hayo. Tangu mwaka 1926 wilaya ya mpaka wa kaskazini ilifungwa kwa sheria. Hakuingia mtu wala kutoka ila kwa kibali. Sehemu ya uzungu iliyotufikia sisi ilikuwa bunduki, kodi na kibali. Shule ilikuja nyuma sana, na upungufu wake tunaulipa hata leo. Kwa hiyo mzee asemapo kwamba aliyoyaona ya Kizungu hayakuwa mema, hasemi uongo. Alionyeshwa mjeledi, na kitabu kikafichwa.

Sasa tuwataje Wahindi waliokichukua chombo na kuikataa ngazi. Manilal Desai alifika mwaka 1915, akaongoza Wahindi wa Nairobi, na mwaka 1921 alimsaidia Harry Thuku kupiga chapa matangazo yake. Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha gazeti la Colonial Times mwaka 1933, akachapa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia, na akafungwa kwa sababu ya yaliyoandikwa. Makhan Singh alianzisha chama cha wafanyakazi mwaka 1935 kisichobagua rangi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akawekwa kizuizini huko kaskazini hadi mwaka 1961. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, aliwekwa kizuizini tangu 1954 hata 1959, na aliuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Gazeti ni la Kizungu. Chama cha wafanyakazi ni cha Kizungu. Mikononi mwa watu hawa vilikuwa vyombo vya kumwambia Mzungu kwamba zamu yake imekwisha.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, Wahindi katika Kenya walikuwa zaidi ya 170,000. Wengine waliomba uraia wa Kenya. Wengi walishika pasipoti ya Uingereza, wakiamini kwamba waliojifunza lugha ya Malkia na kusimamisha sanamu yake wangepokewa kama watoto wake. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za kuzuia biashara na kazi za wasio raia. Watu walianza kukimbilia London, na tarehe 1 Machi 1968 Bunge la Uingereza likaufunga mlango kwa sheria iliyopitishwa kwa siku chache. Hapo ilidhihirika thamani ya ngazi. Suruali na lugha na adabu ya mezani vilikuwa kamili, lakini mwenye nyumba hakufungua.

Lakini shule hazikufungwa. Fedha zilizochangwa na Wahindi kwa kumkumbuka Gandhi ziliunganishwa na chuo cha ufundi cha Nairobi kilichofunguliwa mwaka 1956, ambacho tangu 1970 ni Chuo Kikuu cha Nairobi, na watoto wa Garissa wamesoma humo. Hospitali ya Aga Khan iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1958 ingali yatibu. Eastleigh, mtaa ambao zamani viwanja vyake vingi vilikuwa vya Wahindi, sasa una maduka ya watu wetu, na katika majengo yake ya kwanza ya biashara kubwa liko liitwalo Garissa Lodge, lililokuwa nyumba ya kulala wageni. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wahindi waliobaki kuwa kabila la 44 la nchi. Sanamu ya Malkia katika bustani ya Jeevanjee ilivunjwa mwaka 2015, na bustani yenyewe ingalipo. Watu wa kila kabila huketi humo.

Wazee wetu, kutokana na habari hiyo tunaleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu.

La kwanza, kwamba chama kisaidie karo, na msichana asiwe wa mwisho katika orodha. Hofu ya kumpoteza mtoto haiondolewi kwa kumzuia. Huondolewa kwa njia ya wale wa Arya Samaj: mzee awe ndani ya shule. Tunaomba wazee wakubali kuingia katika kamati za shule, wasimamie madrasa ya jioni, na wajue jina la mwalimu kama wajuavyo jina la kisima.

La pili, kwamba kila mtoto tumsaidiaye ajifunze kusoma na kuandika lugha ya mama yake kabla hajatoka nyumbani. Kiswahili na Kiingereza atavikuta njiani. Lugha ya bibi yake hataikuta popote. Waismailia walichagua njia nyingine kwa sababu zao, nasi tumeona bei yake.

La tatu, nalo ndilo gumu, kwamba chama chetu kisipande ngazi ndani yake. Tangu tulipoanza kuwa na watu wenye vyeti, imeonekana katika mikutano yetu kwamba mwenye kalamu huketi mbele, na mchunga ngamia husimama mlangoni. Sisi tunaoshika kalamu ndio tunaopendekeza kwamba viti vya mbele viwe vya umri, si vya cheti, na kwamba kumbukumbu zote zisomwe kwa sauti kwa lugha ambayo kila mwanachama aielewa, kabla hazijatiwa sahihi.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Hawakusema kwamba mwenye kusoma ameacha mila. Swali tuliloulizwa lilikuwa kama mtoto atarudi. Tumejibu kwa kadiri ya uwezo wetu, na sasa neno ni la wazee, kwani penye wazee haliharibiki neno. Mapendekezo yamo mezani kwa Katibu, tayari kupigiwa kura.